Ufito, Mkono na Karatasi: Unalipia Nini Ukinunua Upinde wa Kifaransa?

Muuzaji alizilaza pinde tatu juu ya kitambaa cha kijani, vitako vyote vikiwa upande mmoja, kisha akavigeuza vijikaratasi vya bei kifudifudi. Tulikuwa Rue de Rome, Paris, mtaa ambao mafundi fidla wamebanana mlango kwa mlango kama masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi pale Dar es Salaam. "Piga kwanza," akaniambia. "Bei utaiona ukishachoka."

Fidla nilikuja nayo mwenyewe, na hilo ndilo la kwanza la kumwambia anayekwenda kununua upinde. Fidla ya duka imechaguliwa ili kila upinde usikike vizuri. Upinde unaoifanya fidla moja iimbe unaweza kuifanya nyingine ikorome, na utakaoishi nayo ni fidla yako, si ya duka.

Mimi nilijifunza Unguja, katika taarabu, kwa ule upinde unaokuja bure ndani ya kasha la fidla ya kwanza. Maalim wangu alikuwa akiushika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa samaki aliyechina. "Mwanangu," alikuwa akisema, "fidla uliyo nayo inatosha. Huo ufito ndio unaokutia aibu." Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka kugundua kwamba mkono wa kushoto hutafuta noti tu. Kama noti hiyo itakuwa nene au nyembamba, itakatwa au itavutwa, hayo yote huamuliwa na mkono wa kulia na kile kilichoshikwa humo.

Basi nikapiga. Noti moja ndefu, polepole, kutoka kitakoni hadi nchani. Upinde wa kwanza ulitoa sauti nene mwanzoni, ikafifia kadiri ncha ilivyokaribia, nikajikuta naugandamiza kwa kidole cha shahada ili noti isikatike. Wa pili haukunidai jasho lolote. Wa tatu ulikuwa na kitu kimoja zaidi: pale nchani kabisa, ambapo mkono umenyooka na hauna nguvu tena, sauti haikupungua hata kidogo. Nilirudia mara kumi nikidhani nimejidanganya. Sikuwa nimejidanganya.

Kisha tukavigeuza vile vijikaratasi. Wa kwanza ulikuwa upinde wa zamani wa karakana za Mirecourt, hauna jina, umefungwa nikeli: yuro 900. Wa pili, wa fundi Mfaransa aliye hai, umefungwa fedha: yuro 4,800. Wa tatu ulikuwa wa Eugène Sartory, una cheti: yuro 28,000. Kwa hiyo kutoka wa kwanza kwenda wa pili, yuro 3,900 zilininunulia hatua kubwa sana. Kutoka wa pili kwenda wa tatu, yuro 23,200 zilininunulia hatua moja ndogo, ya kweli lakini ndogo, inayosikika kwenye sentimita kumi za mwisho. Tangu siku ile, nikiuona upinde wa Kifaransa huuliza: katika bei hii, kiasi gani ni cha ufito, kiasi gani ni cha mkono uliouchonga, na kiasi gani ni cha karatasi?

Tuanze na ufito, maana bila huo hakuna la kuzungumza. Pinde nzuri huchongwa kwa mti wa pernambuco, ambao wataalamu wa mimea huuita Paubrasilia echinata, uotao katika misitu ya Brazili upande wa Atlantiki. Kwa karne kadhaa Ulaya iliununua kwa ajili ya rangi nyekundu ya kutilia vitambaa, hata nchi yenyewe ikaitwa kwa jina la mti huo. Fundi aliyeuthibitisha kuwa ndio mti wa pinde ni François Xavier Tourte wa Paris, aliyefariki mwaka 1835. Tourte alianza kwa kujifunza kutengeneza saa kabla hajarudi kwenye kazi ya baba yake, na ukiitazama kazi yake unaiona saa humo ndani. Pinde za zamani zilibinukia nje, kama upinde wa mshale. Yeye aliupasha ufito moto akaukunja uingie ndani, uzielekee singa. Singa nazo zikatandazwa ziwe ukanda bapa, zikashikwa na kipete cha metali pale kitakoni. Urefu wa sentimita 74 hadi 75 uliokuja na pinde zake ndio unaofuatwa mpaka leo, na uzito huzunguka gramu 60.

Huo mkunjo wa ndani ndio siri ya upinde kuwa hai. Ukikaza skrubu, singa huuvuta ufito unyooke kidogo, na ufito unataka kurudi ulikotoka. Nguvu hiyo iliyobanwa ndiyo inayorusha upinde ukitaka uruke juu ya nyuzi, na ndiyo inayobeba sauti ukitaka utulie. Mti mlaini hauibani nguvu hiyo. Mti mkavu unaibana lakini hauiachii kwa upole. Pernambuco iliyo njema ni nzito, ngumu na nyumbufu kwa pamoja, na ikishakunjwa kwa moto huweza kukaa na umbo lake zaidi ya miaka mia. Ila miti ni kama watu wa ukoo mmoja, hailingani. Mafundi wengi hupima kasi ya sauti ndani ya kila kipande kwa kifaa cha Lucchi, na wengi hutafuta kasi inayozidi mita 5,000 kwa sekunde. Vipande viwili vya rangi moja vilivyolala kwenye rafu moja vinaweza kuachana sana.

Ukiona upinde wa yuro 100 umeandikwa kuwa ni wa "mti wa Brazili", usidhani umeokota pernambuco. Hilo ni jina la sokoni la miti mingine kutoka huko huko. Si ulaghai, na kwa mtoto wa darasa la tano anayejifunza unamtosha. Usilipe tu pesa ya pernambuco.

Na pernambuco inakwisha. Tangu mwaka 2007 imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2022 masharti yalikazwa hadi kuhusisha pinde zilizokamilika zinapotoka Brazili kwa mara ya kwanza. Mafundi wenyewe walianzisha mpango wao wa kuupanda na kuulinda mti huu mwaka 2000. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: upinde mpya wa pernambuco lazima uwe na maelezo ya mti ulipotoka. Fundi mwaminifu atakueleza bila kununa kwamba ubao wake ulinunuliwa lini na una hati gani. Akianza kuzungukazunguka, rudisha upinde mezani.

Sasa mkono. Mirecourt ni mji mdogo katika mkoa wa Vosges, mashariki mwa Ufaransa, na ukifuatilia majina makubwa ya pinde utashangaa jinsi mengi yanavyorudi pale pale. Dominique Peccatte alizaliwa huko mwaka 1810, akaenda Paris kwa fundi fidla Jean-Baptiste Vuillaume, halafu akarejea kwao. Vichwa vya pinde zake vimekatwa kwa ujasiri, vina umbo la shoka, na wapigaji huzisifu kwa sauti pana yenye giza. Baadaye akaja François Nicolas Voirin na fito nyembamba zenye vichwa vya kike, nyepesi kukimbia. Wapo wanaoona ni laini mno kwa fidla za leo zenye nyuzi kali. Mimi kwa taarabu, ambako fidla inamfuata mwimbaji kwa mteremko na kwa mitetemo midogo, ulaini huo nauona neema. Sartory, aliyezaliwa Mirecourt mwaka 1871, alikwenda njia nyingine: fito zenye nyama, ngumu, zinazofanana kama vikombe vya seti moja. Mpiga okestra anayetaka upinde usiomshangaza usiku wa onyesho humpenda kwa hilo.

Majina hayo bei zake ni hivi, kwa makadirio ya madukani. Sartory, au fundi mwenzake Alfred Lamy, ni makumi ya maelfu ya yuro. Peccatte aliye safi huanzia pale wengine wanapoishia na kuzidi laki moja. Tourte ni habari ya minada; mwaka 2017 upinde wake mmoja uliuzwa Vichy kwa zaidi ya yuro nusu milioni. Chini ya hao kuna familia kama akina Bazin na ndugu wa Morizot, mafundi hodari kwelikweli, ambao pinde zao nyingi huwa kati ya yuro 3,000 na 10,000. Chini zaidi kuna karakana kubwa za Mirecourt, Jérôme Thibouville-Lamy na Laberte, zilizotoa pinde kwa maelfu, huyu akichonga ufito, yule akitengeneza kitako, mwingine akifunga singa. Hizi huzipata kwa yuro 800 hivi au chini yake.

Hapo kwenye karakana ndipo pa kuvua samaki. Kwa kawaida mti mzuri ulifungwa fedha na mti wa wastani ukafungwa nikeli, lakini siku yenye kazi nyingi mtu hachagui sana, na fito bora ziliponyoka zikavikwa nikeli. Nimewahi kujaribu kumi na mbili za aina hiyo kwa mchana mmoja. Tisa zilikuwa mbao tu. Mbili zilikuwa nzuri. Moja ilinifanya nikae chini.

Na usiwasahau walio hai. Mwaka 1971 Bernard Ouchard alianza kufundisha uchongaji wa pinde Mirecourt baada ya kazi hiyo karibu kufa, na kizazi alichokilea, pamoja na wanafunzi wa wanafunzi wake, ndicho kinachochonga sasa Paris, Brittany na kwingineko. Upinde wao mpya wa fedha huwa kati ya yuro 4,000 na 7,000. Pesa yote inalipa ufito na mkono. Karatasi inayokuja nayo ni risiti, na fundi mwenyewe unaweza kumpigia simu ukamwambia ncha imekuwa nzito.

Kwenye pinde za zamani mambo ni kinyume: kadiri unavyopanda ndivyo karatasi inavyokula bei. Tourte karibu hakuwahi kupiga muhuri pinde zake. Vuillaume alipiga muhuri wake juu ya kazi ya Peccatte, ya Pierre Simon na ya wengine waliofanya kazi kwake. Sartory alipiga muhuri, na kwa sababu hiyo hiyo waghushi wakaupenda. Kwa hiyo muhuri peke yake haukuambii kitu. Kinachouza ni cheti cha mtu anayeaminika. Kwa pinde za Kifaransa majina yaliyozoeleka ni Bernard Millant na Jean-François Raffin, walioandika pamoja kitabu kikubwa cha *L'Archet* kilichotoka mwaka 2000. Ufito ule ule, ukiwa na cheti chao au bila, ni bei mbili tofauti kabisa. Sauti haijabadilika hata chembe.

Jambo lingine linalovunja bei bila kuvunja sauti ni kichwa. Kichwa cha upinde huchongwa kutoka ubao ule ule wa ufito, na shingo yake ni nyembamba. Upinde ukianguka, hapo ndipo unapokatika. Fundi huunga kwa gundi na kupachika kipande chembamba cha mti mgumu kukatiza ufa, na kazi ikifanywa vizuri upinde hupigwa miaka mingi tena. Lakini kwa wakusanyaji umeshakufa: wauzaji hukata robo tatu ya thamani na mara nyingi zaidi. Kitako kilichobadilishwa nacho hushusha bei, ingawa si kwa ukatili huo. Kwa anayenunua ili auze kesho, hizi ni kasoro. Kwa anayenunua ili apige, ni mlango wa uani.

Wengine wataniambia niache mbao nichukue kaboni. Nawasikia. Upinde mzuri wa kaboni hupatikana kati ya yuro 300 na 1,000, haupindi kwa unyevu, haukatiki ovyo, na kwenye harusi ya ufukweni watu wakirukaruka kando yako utamshukuru aliyeubuni. Wala si jambo la kuonea haya. Vuillaume mwenyewe, huyo huyo mlezi wa kina Peccatte, aliuza pinde za bomba la chuma katika karne ya 19. Huyo bwana alipenda vioja: katika baadhi ya vitako alipachika lenzi ndogo kama punje ya mtama, ukiiweka jichoni dhidi ya mwanga unaona picha ya mtu. Nimeitazama moja. Singetoa pesa yangu kwa hilo, lakini nilicheka. Kuhusu kaboni, hukumu yangu ni kwamba chini ya yuro 700 huishinda mbao mpya mara nyingi kuliko wanavyokubali wapenda mbao. Ikipita hapo, mbao huanza kukupa rangi za sauti ambazo kaboni niliyoijaribu haikuwa nazo: ukibonyeza kidogo sauti inaiva, ukilegeza inakuwa pumzi.

Ukiwa dukani, usijaribu zaidi ya tatu kwa mpigo, sikio huchoka. Piga noti ndefu kwa sauti ya chini, maana hata gogo hupiga kwa kelele. Rukisha upinde katikati yake bila kuusaidia, uone kama unatua pale pale. Mwombe mtu akae mwisho wa chumba, kwa kuwa sauti tamu chini ya sikio lako inaweza kufia mita tano mbele. Tazama ufito kwa jicho moja kutoka kitakoni, uone umenyooka au umelala upande. Omba kuchukua kwa majaribio. Maduka mengi hukuruhusu wiki nzima, na upinde unaopendeza siku ya kwanza wakati mwingine huchosha bega siku ya nne.

Gramu zisikutishe. Upinde wa gramu 60 uliobalansi mbele huhisi mzito kuliko wa gramu 63 uliobalansi nyuma. Na waya wa fedha uliozungushiwa pale pa kushikia una gramu kadhaa peke yake. Kuutoa na kuweka hariri, au kufanya kinyume, ni kazi ya fundi ya muda mfupi na bei ndogo, na hubadilisha hisia ya upinde mzima. Nimeona watu wakiuza pinde nzuri kwa hasara kwa sababu hakuna aliyewaambia hili.

Angalia pia ulichofungwa. Bamba la kichwani katika pinde nyingi za zamani ni pembe ya ndovu, na baadhi ya vitako vya fahari ni vya gamba la ng'amba, bidhaa ambayo pwani yetu iliisafirisha tangu enzi za bandari ya kale ya Rhapta. Leo vyote viwili ni balaa kwenye uwanja wa ndege. Ukitaka kuvuka mipaka navyo unahitaji cheti cha CITES cha ala za muziki, na afisa wa forodha hatavutiwa na habari za Voirin. Mwombe muuzaji abadilishe bamba la pembe kwa mfupa kabla hujalipa. Kitako cha abunusi hakina maneno.

Zile pinde tatu nami nilizichukua kwa majaribio; siku ya tatu nikazirudisha zote, nikamuuliza muuzaji kama ana uliovunjika kichwa. Alinitazama kidogo, kisha akafungua saraka ya chini. Ulikuwa kazi ya Paris ya mwishoni mwa karne ya 19, ya njia ya Voirin, fedha, ufito wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Chini ya taa uliona mstari mmoja mwembamba shingoni, kama unywele ulioganda kwenye rangi. Bei: yuro 1,600. Kwa upinde mzima wa aina hiyo angeniomba mara kadhaa ya hapo. Nchani noti haikusimama kama kwa Sartory, lakini ilisimama kuliko kwa ule wa 4,800. Aliniandikia kwenye risiti, kwa maneno mazima, kwamba kichwa kimeungwa, na mimi nilisisitiza aandike: siku nikitaka kuuza, nisiwe mimi niliyeficha.

Nilimwambia upinde unakwenda Unguja. Fundi wa nyuma akatoka, akauliza kuhusu unyevu, akazitoa singa zilizokuwepo na kufunga mpya, fupi kwa milimita chache. Singa hurefuka hewa ikiwa na maji; zikifungwa kwa kipimo cha Paris, kwetu zinaning'inia hadi skrubu inakwisha. Tatizo ni kwamba jioni ile, katika hewa kavu ya chumba cha hoteli, singa hizo fupi ziliuvuta ufito hata nilipolegeza skrubu hadi mwisho, na ufito wenye kiraka shingoni huuachi umevutwa usiku kucha. Nikafanya kama alivyonielekeza: nikaitoa skrubu nzima, nikakivingirisha kitako ndani ya kitambaa kikining'inia kwa singa zake tu, skrubu nikaitia kwenye bahasha, bahasha mfukoni, na upinde ukasafiri hivyo, umefunguka, mpaka Unguja.